Fundi wa Kukereza Anajibu: Kabaidi Inaninasa, Nakosea Wapi?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu vyuma vya kukereza, yaani kuchonga mbao ikiwa inazunguka kwenye mashine, vile vyenye tipu (ncha ndogo inayofungwa kwa skrubu) ya kabaidi, ile metali ngumu sana, nikajua nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi mno, kwaiyo safu ya leo yote ni ya kukereza, wale wa makabati na milango mnivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 22, nipo Morogoro, nakereza miguu ya vitanda na stuli kwenye mashine ya bosi wangu, mwezi wa saba sasa. Nilianza na bobari, ile tindo iliyopinda kama mfereji, lakini kunoa kulinishinda, kaka yangu akaniletea chuma chenye tipu ya mraba ya kabaidi toka Dubai, akaniambia hiki hakinolewi na hata mtoto anaweza kukitumia. Siku mbili za kwanza kilikuwa kinamenya kama unamenya muwa. Sasa hivi kila nikifika kwenye shingo ya mguu kinanasa, mbao inaruka, juzi kimechana mguu wa mninga wa mteja karibu nusu yake na bosi amenikata hela. Nakishika vilevile nilivyofundishwa bobari, mpini chini alafu nainua taratibu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa huo mguu, mninga kwa bei ya sasa inauma. Jibu umeliandika mwenyewe mwishoni: unakishika kama bobari. Hivi ni vyuma viwili tofauti kabisa na mkono wa kimoja ukiupeleka kwenye kingine lazima uumie.

Bobari ina tumbo. Ule mnoo wa chini ndo unaulaza kwanza kwenye mbao, unateleza juu yake bila kukata, alafu unainua mpini kidogo kidogo hadi makali yanagusa na maranda yanaanza kutoka. Tumbo linakulinda, makali hayawezi kuzama zaidi ya pale tumbo linaporuhusu. Tipu ya kabaidi juu ni bapa kama sahani na haina tumbo la kulaza. Sasa angalia kinachotokea ukishusha mpini: ncha inaangalia juu, inagusa mbao juu ya senta, pale inasugua tu haikati, wewe unaona haikati unasukuma, alafu unainua mpini kama ulivyozoea, makali yanapata njia ghafla na nguvu yote ya bega lako iko nyuma yake. Hapo lazima inase, hata mimi ningenaswa.

Kabaidi inataka kulala sawa, kama umebeba sinia la chai na hutaki limwagike. Mpini na ncha viwe usawa mmoja na makali yawe kwenye senta ya mbao, usawa wa katikati pale inapozungukia. Ukitaka kupunguza ukali zaidi inua mpini nywele moja tu, lakini usiushushe chini ya usawa.

Na nina uhakika karibu wote kwamba kiegemeo, kile cha kulazia chuma mbele ya mbao, hukukishusha ulipobadilisha chuma. Watu wengi wanasahau hapa. Kwa bobari kiegemeo kinakaa karibu na senta, lakini chuma chako cha kabaidi kina unene wake, tuseme mm 12, ukikilaza juu ya kiegemeo kilekile makali yanakuwa mm 12 juu ya senta, na kwa mguu wa kipenyo cha mm 60 hiyo ni mbali sana. Zima mashine, laza chuma sawa juu ya kiegemeo, sogeza ncha mpaka kwenye kile kisindano cha senta ya nyuma, shusha kiegemeo mpaka makali na kisindano viangaliane uso kwa uso, kaza. Dakika moja imeisha, na kila ukibadilisha chuma unarudia.

Kwanini siku mbili za kwanza ilikubali? Nahisi ulikuwa unatoa kona za mbao, unaenda moja kwa moja kwenye mwili wa mguu, pale inagusa kidogo na mbao ni nene haichezi. Ukifika kwenye shingo mambo yanabadilika mawili kwa mpigo, mbao imekuwa nyembamba inaanza kupinda na kutetema, alafu tipu ya mraba ukiizamisha kwenye bonde inagusa upana wote, kona mbili na ubavu. Upana wa mm 14 au 15 wa makali kukata kwa wakati mmoja hakuna mkono unaoweza kuuzuia, ndo maana inakunyang'anya. Tumia kona au theluthi ya makali, usizidishe. Kwa shingo tafuta tipu ya duara, na ukate ukishuka toka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, upande wa kushoto ushuke hadi katikati, uache, uende kulia ushuke hadi katikati. Ukipandisha toka bondeni kwenda juu unaenda kinyume na nyuzi, zinang'oka.

Mkono wa kushoto ukae palepale kwenye kiegemeo umebana chuma, wa kulia umeshika mpini umeegemea mbavu au nyonga, na ukitaka kwenda kushoto au kulia mwili ndo uende, magoti yafanye kazi, viganja visipindepinde. Kiegemeo kiwe karibu na mbao, penseli ipite tu katikati, na ukishapunguza mbao zima mashine usogeze tena, usikisogeze mbao ikizunguka hata siku moja. Na chuma kianze kugusa kiegemeo ndo kiguse mbao, nimeona kijana kaanza na mbao, chuma kilimponda kidole kwenye kiegemeo na mpaka leo kile kidole hakikunji.

Sasa zoezi. Chukua kipande cha mgrevilea au saipresi cha sentimita 40 hivi, kile cha kuni tu, kifunge kwenye mashine, usiwashe. Laza chuma usawa wa senta, zungusha mbao kwa mkono wako taratibu ukigusisha makali. Utaona inatoka maranda membamba kama karatasi. Shusha mpini uzungushe tena, usikie inavyogoma na kushika. Inua, usikie inavyolainika. Fanya hivyo hadi mkono uelewe, nusu saa inatosha, alafu ndo uwashe. Mimi kila mwanafunzi wangu anaanza hivi, wengine wanaona nawachelewesha ila wale waliokubali ndo hawajaniharibia mti wa mteja.

La mwisho kwako, huyo kaka aliyesema hakinolewi amekudanganya bila kujua. Kabaidi inachelewa kuisha lakini inaisha. Ukiona inatoa unga badala ya maranda na inabidi usukume, legeza skrubu, zungusha tipu robo, una makali manne kabla ya kuitupa. Ila kabla ya kukaza futa pale chini ya tipu pawe safi kabisa, punje moja ya vumbi ikibaki ukikaza tipu inapasuka, maana kabaidi ni ngumu lakini inavunjika kama kigae. Na bobari usiitupe, nitakuambia sababu chini huko kwa msomaji wa Mafinga.

SWALI: Habari yako fundi. Mimi ni fundi wa stuli na rolingi pini hapa Gikomba, Nairobi. Jamaa yangu wa Kamukunji anafanya lethi ya chuma, mashine ya kukereza vyuma, amenipa tipu kama kumi za kabaidi zenye hazijatumika. Nataka kutengeneza chuma changu mwenyewe badala ya kununua. Zitafanya kwa mbao ama napoteza wakati?

JIBU: Inategemea ni tipu gani ndugu yangu. Kabaidi ni ileile, unga wa tungsteni na kaboni umeshikanishwa na kobalti kwa moto mkali, Wajerumani wa Krupp waliitoa sokoni miaka ya 1920 kwa jina la Widia, yaani kwa lugha yao ni kifupi cha "kama almasi". Ilitengenezwa kwa ajili ya chuma, na tatizo lako liko hapohapo. Tipu ya kukata chuma makali yake yanafanywa butu kidogo kwa makusudi, maana yakiwa makali sana kama wembe yanamegeka yakikutana na chuma. Mbao inataka wembe. Ukitumia tipu ya chuma kwenye mbao itasukuma nyuzi badala ya kuzikata, itatoa joto, na wewe utaongeza nguvu, na nguvu nyingi kwenye kukereza ndo mama wa ajali.

Zijaribu hivi: gusisha makali kwenye ukucha wa gumba bila kukandamiza, yakiteleza hazifai, yakishika ukucha zina matumaini. Muulize jamaa yako kama kati yake kuna za kukatia aluminiamu, zile zinang'aa juu kama kioo, hizo zina makali na zinakubali mbao vizuri tu. Nyingine nzuri ni zile visu vidogo vya mraba vinavyokaa kwenye roli za mashine za kuranda, hizo ni za mbao toka kiwandani.

Kutengeneza chuma chenyewe si kazi kubwa. Chuma cha mraba cha mm 12, ncha yake unaichonga kikalio bapa ili tipu ikae yote, isining'inie, itokeze mbele milimita chache tu za makali. Toboa, kata nyuzi za skrubu, jaribu. Mpini usiwe mfupi, sentimita 40 kwenda mbele, uvishe pete ya bomba mbao isipasuke. Jiwe la kawaida la grinda, lile la kijivu, haliwezi kabaidi usijisumbue, unahitaji bapa la almasi, unalaza uso wa juu wa tipu unasugua na maji kidogo mara kumi au kumi na tano, basi. Maji yawepo, vumbi la kabaidi lina kobalti na mapafu hayaipendi.

SWALI: Assalaam alaykum kaka fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Unguja, mume wangu ni seremala na mashine yetu ina mota ya mizunguko 1440 kwa dakika ikiendesha puli sawa kwa sawa. Nataka kukereza bakuli za mwembe za kuuza kwa wageni, kuna mti umeanguka uani. Nimenunua kabaidi ya duara. Nje ya bakuli naweza, ndani naogopa. Na ninavaa baibui, nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, umenifurahisha sana. Mwembe ni mti mzuri kwa bakuli, una mistari ya kahawia na nyeusi wageni wanaipenda, na ni halali kabisa hukukata mti wa mtu.

Kwanza hiyo mashine, nakuomba usiguse bakuli kwa spidi hiyo. Bakuli la mm 300 kwa mizunguko 1440 ukingo wake unakwenda kilomita 81 kwa saa, ni kasi ya basi la barabara kuu. Likipasuka linakuja kwako kwa kasi hiyohiyo. Mwambie mume wako aweke puli kubwa kwenye mashine mara mbili ya ile ya mota, yaani ya mota ikiwa inchi 2 ya mashine iwe inchi 4, utapata 720, na kipande kikiwa bado hakijakaa duara kikitetema teremka zaidi. Mafundi wengi tunatumia hesabu hii: kipenyo kwa milimita zidisha na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 150,000 na 225,000, na kwa kuanzia baki chini. Kwa bakuli la 300 ni 500 hadi 750.

Baibui: livue dada, uvae suruali na shati la mikono mifupi au iliyobanwa na lastiki, mtandio uwe wa kuvaa kichwani ule unaobana bila ncha kuning'inia, mkufu, bangili na pete vyote mezani. Nasema hivi kwa wanaume pia, kanzu na koti la mikono mipana na mashine hii haviendani. Kinga ya uso iwe ile kubwa ya kufunika hadi kidevu, miwani peke yake haizuii gome la mwembe. Ukiwasha simama pembeni, usisimame mkabala na ukingo, hesabu mpaka kumi ndo usogee.

Sasa ndani. Uoga wako una sababu, maana ndani chuma kinatoka mbali na kiegemeo na kila sentimita inayoongezeka inakupunguzia nguvu. Ingiza kiegemeo ndani ya bakuli kadiri kinavyoweza kuingia. Makali yakae juu ya senta kidogo tu, milimita moja au mbili, ili kikinasa kikashuka kinashukia hewani badala ya kuzama kwenye mbao. Nje ni kinyume chake, kwenye senta au chini kidogo. Chuma sawa kama sinia, vilevile kama nilivyomwambia kijana wa Morogoro. Nje unakata toka kitakoni kwenda ukingoni, ndani unakata toka ukingoni kwenda katikati, na ukingo umalize kabisa kabla ya kushuka chini, ukiuacha uje uurudie baadaye utakuwa mwembamba unapepea na tipu itaudaka. Vuta pumzi, gusa kidogo, maranda yawe mepesi. Mvuto mmoja mdogo mdogo wa nusu milimita ni bora kuliko mmoja mkubwa unaokutupia bakuli ukutani.

Mti umeanguka juzi maana yake ni mbichi. Kereza kwanza nene, unene wa ukuta uwe kama sehemu ya kumi ya kipenyo, la mm 250 uache mm 25, paka nta au rangi kwenye nyuzi zilizokatwa, liweke kivulini mbali na upepo miezi kadhaa, litapinda kidogo, alafu ulikereze mara ya pili liwe jembamba. Ukiliharakisha litapasuka na utajilaumu bure.

SWALI: Fundi, nipo Mafinga, huku paini imejaa, nakereza balasta, zile nguzo ndogo za pembeni mwa ngazi. Kabaidi inaacha manyoya mpaka nahangaika na msasa siku nzima. Tipu mpya.

JIBU: Hapa ndo nilitaka kufika. Kabaidi iliyolala sawa inakwangua, haichanji. Kwenye mti mgumu kama mpingo au mkongo kukwangua kunatosha, unatoka unang'aa. Paini ni laini, nyuzi zake zinalala badala ya kukatika, ndo hayo manyoya, na tipu mpya haiondoi hilo.

Kama chuma chako ni cha duara chini, kizungushe kilale ubavu digrii 45 hivi, ukitumia tipu ya duara, na mbao iguse nusu ya chini ya ile duara. Hapo inachanja kama kisu cha kukata mkate. Ikigusa nusu ya juu itanasa papo hapo, kwaiyo jaribu kwa mkono kwanza mashine imezimwa. Chuma cha mraba kikipindishwa hakina pa kukaa, usijaribu. Mvuto wa mwisho uwe mwembamba sana na mashine iende kasi kidogo. Alafu kusema ukweli, kwa balasta za paini mvuto wa mwisho ni bora uupige na bobari iliyonolewa vizuri. Kabaidi itoe kona na umbo, bobari imalize. Ndo maana nasema msiitupe, kijana anayejua kabaidi peke yake atabaki na msasa maisha yake yote.

SWALI: Kwanini tipu yangu inamegeka kwenye mvule tu? Bukoba.

JIBU: Mvule una mawe ndani. Siyo msemo, mti wenyewe unatengeneza chokaa ngumu kwenye sehemu zilizojeruhiwa, ukipasua unaiona nyeupe imejificha. Kabaidi ikikutana nayo inamegeka. Kabla ya kufunga mbao ikague, gonga na ncha ya msumari pale penye doa jeupe, ukikuta jiwe lichimbue kwa tindo au ugeuze kipande. Na wakati unatoa kona tumia lile pande la makali lililokwisha choka, jipya litunze kwa kumalizia.

SWALI: Nakereza vinyago vidogo na kete za mpingo, Lindi. Ngozi ya mikono inawasha na macho yanavimba. Wenzangu wanasema nitazoea.

JIBU: Hutazoea ndugu yangu, na wanaokuambia hivyo wanakuumiza. Vumbi la mpingo na jamii yake linaamsha mzio, na mzio wa hivyo kila siku unaongezeka, haupungui. Kabaidi inazidisha kama unaitumia ikiwa butu, maana badala ya maranda inatoa unga laini unaoelea. Tipu yenye makali kwenye mpingo inatoa nyuzi nyeusi fupi zinazodondoka chini, ukiona hewani kuna moshi mweusi zungusha tipu.

Tumia barakoa ya N95 au FFP2, kitambaa cha kufunga puani hakizuii chochote. Mashine iweke penye upepo unaotoka mgongoni kwako kwenda mbele. Msasa upige na mafuta kidogo ili unga ushikane usiruke. Nguo za kazi zibaki kazini, na uoge kabla ya kubeba mtoto. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, tangu 1995 limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya puani, kwaiyo hili ni la mafundi wote, siyo wa mpingo tu.

Pumzika mpingo wiki mbili, kereza mti mwingine. Kama ngozi haijatulia nenda hospitali, na ukifika mwambie daktari kabisa kwamba kazi yako ni kukereza mpingo, chukua na kiganja cha maranda kwenye mfuko wa nailoni umwonyeshe, usiishie kumwambia una upele.